Vipuri vya Redio Kuukuu, Kutoka Luthuli hadi Kawangware

Redio kuukuu inayotafutiwa vipuri jijini Nairobi huwa imetoka kabatini kwa babu huko mashambani, ama kwenye lundo la mnunuzi wa vyuma chakavu ambaye tayari alikuwa ameipandisha kwenye mizani. Ya babu huja na kitambaa cha kudarizi juu yake, na huja na warithi. Kwa miaka mingi hakuna aliyeiulizia. Siku inapopakiwa kwenye matatu kwenda mjini kutengenezwa, binamu wawili hukumbuka kwamba marehemu aliwaahidi wao. Ya vyuma chakavu haina mrithi, ila mara nyingi imekwisha kung'olewa transfoma, maana ndani ya transfoma mna shaba, na shaba ina bei yake kwa kilo.

Kazi ya kwanza ni kujua redio ni ya ukoo gani, kwa sababu ukoo ndio unaoamua ni mitaa ipi itakayozungukwa. Matangazo ya redio yalianza Kenya mwaka 1928, na kwa miaka thelathini hivi iliyofuata redio zilizoingia nchini zilikuwa za valvu, zile chupa za kioo zinazowaka wekundu hafifu ndani. Nyumba zenye umeme zilikuwa na Philips, Murphy, Pye, Bush au Ekco, katika masanduku ya mbao au bakelaiti. Kusikokuwa na umeme zilitumika za valvu ndogo za betri. Kufikia mwaka 1964, serikali ilipolichukua shirika la utangazaji na kuliita Sauti ya Kenya, transista zilikuwa zinashika soko, na redio nyingine zikaanza kuunganishwa hapa hapa Afrika Mashariki: Philips walikuwa na kiwanda Arusha, nao Matsushita walianza Dar es Salaam mwaka 1966 na betri na redio za National.

Ukoo umeandikwa kwenye kibao cha nyuma, kwa mwenye kusoma kabla ya kushika. Katika redio nyingi za zamani za Philips herufi ya mwisho ya namba ndiyo yenye habari: A ni ya umeme wa AC, B ni ya betri, T ni ya transista, na U ni ya umeme wowote utakaopatikana. Herufi U inastahili heshima ya pekee. Redio hiyo haina transfoma ya kuitenga na umeme wa nyumba, kwa hiyo bati lote la chasisi huweza kuwa limeungana moja kwa moja na volti 240 za ukutani, kutegemea waya upi ulifungwa wapi kwenye plagi. Fundi anayegusa skrubu ya nobu hugundua ukoo wa redio bila kusoma kibao.

Kifuniko cha nyuma kikitoka, huonekana kwamba redio haikuwa tupu. Mende ni wapangaji wa kudumu. Panya hutafuna kapasita za karatasi zilizotiwa nta, wakishiba humalizia koni ya spika. Nyigu nao hujaza udongo kwenye mikebe ya koili. Wapo pia mafundi waliotangulia, ambao wenyewe hawaonekani lakini kazi zao zimebaki: karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi, njiti ya kiberiti iliyokaza nobu, senti kumi ya kikoloni yenye tundu katikati ikitumika kama washa. Sehemu kubwa ya kutafuta vipuri ni kuviondoa vipuri walivyotafuta wao.

Hapo ndipo orodha huandikwa, na orodha zote huanzia Luthuli Avenue. Barabara hii ilipewa jina la Chifu Albert Luthuli wa Afrika Kusini, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 1960, na ndiyo soko kuu la vyombo vya elektroniki Nairobi. Ilipokarabatiwa mwaka 2019 na 2020 njia za waendao kwa miguu zilipanuliwa, kwa hiyo mnunuzi sasa anaweza kutembea polepole, jambo linalowafaa sana wale wanaomwita. "Boss, TV? Wufa? Ingia uangalie, kuangalia ni bure." Kumweleza mwitaji kwamba kinachotafutwa ni kapasita ya redio ya mwaka 1956 hakusaidii. Husikiliza kwa makini, hutikisa kichwa kwa huruma, halafu huuliza kama TV ni ya inchi ngapi.

Wauza vipuri vidogo wamo vibandani, ghorofani na kwenye vichochoro vinavyoteremka kuelekea River Road, nyuma ya nyavu za chuma na droo ndogo ndogo zisizo na majina. Katika maduka haya neno "haiko" ni nadra kusikika. Muuzaji huitazama kapasita iliyokufa, huigeuza, huipuliza vumbi, kisha husema: "Iko. Keti hapo dakika mbili, inaletwa kutoka stoo." Stoo ni duka la jirani. Jirani naye ana stoo yake, ambayo ni duka la tatu, na kijana aliyetumwa hurudi na kitu chenye rangi ile ile. Mnunuzi anayejiona mjanja huamua kuuliza mwenyewe, duka baada ya duka, na hapo huwa ameanzisha uhaba. Maduka manne aliyoyapitia humpigia simu mtu yule yule wa tano, na mtu wa tano, akisikia kwamba kapasita ya mikrofaradi 32 kwa volti 350 inatakiwa na watu wanne asubuhi moja, hupandisha bei, huku akiwa hana hata moja.

Ukweli ni kwamba kapasita hiyo haitengenezwi tena kwa kipimo hicho, wala haina haja ya kupatikana. Vipimo vya zamani vilibadilishwa viwanda vilipokubaliana juu ya ngazi moja ya namba: 0.05 ikawa 0.047, 50 ikawa 47, na 32 hutoshelezwa na 33, au na 47 pale valvu ya kunyoosha umeme inaporuhusu. EZ80, kwa mfano, hairuhusu kapasita ya kwanza izidi mikrofaradi 50. Fundi anayeiwekea 220 akidhani wingi ni baraka huiona ikitoa cheche za samawati. Jambo lisilopunguzwa ni volti. Mkebe wa zamani ulijaza kiganja, na kapasita mpya yenye uwezo ule ule ni ndogo kuliko kidole gumba, kwa hiyo mwenye redio hushuku amepunjwa. Mara nyingine amepunjwa kweli, maana zipo kapasita ambazo maandishi yake ni makubwa kuliko uwezo wake, na hizo hujitambulisha jioni ile ile kwa mlio mmoja na harufu ya samaki.

Volti 400 na 450 zinapatikana kwa uhakika zaidi mbali na Luthuli, kwa mafundi wa televisheni wa Kawangware na Kangemi. Kila kibanda chao kina mnara wa televisheni za kisogo ambazo wenyewe walizileta kutengenezwa, wakaona televisheni bapa, wakasahau njia. Ndani ya kila moja mna kapasita za volti kubwa na waya mzuri. Fundi huyu haulizwi kapasita moja moja. Huulizwa bei ya televisheni nzima iliyokufa, na huiuza kwa furaha ya mtu anayepata nafasi ya kukaa. Ugumu huja kwenye matatu ya namba 46, ambako mzigo wa kisogo hulipiwa nauli ya abiria wawili, na makanga hutaka kujua, mbele ya gari zima, kwa nini mtu anarudisha mjini kitu ambacho mji wote umekitupa.

Rizista hazina hadithi ndefu. Za zamani za kaboni hupanda thamani kwa uzee, mpya zipo tele, na cha kuangalia ni wati tu, kwa kuwa Luthuli imejaa za robo wati na redio hutaka za wati moja na mbili.

Kabla ya kuondoka Luthuli, mwenye redio lazima akatae kibao cha bluetooth. Hili halikwepeki. Katika kila duka yupo mtu, kwa kawaida si mwenye duka bali rafiki yake aliyeketi tu, ambaye huitazama redio na kutoa ushauri wa bure: toa hayo matumbo yote, weka kibao cha kichina chenye USB, bluetooth na rimoti, ubaki na sanduku. Hueleza kwamba alimfanyia hivyo mzee mmoja wa Lavington, na mzee akalia kwa furaha. Ushauri huu una mantiki yake: kibao ni cha bei ndogo, kinapatikana papo hapo, na kinafanya kazi siku ile ile. Kasoro yake ni kwamba baada ya hapo mwenye nyumba huwa na sanduku la mwaka 1956 linalosema kwa Kiingereza, kwa sauti ya msichana wa Shenzhen, kwamba kifaa kimeunganishwa.

Valvu ni sura nyingine kabisa. Akiomba valvu Kirinyaga Road, ambayo wengi bado huiita Grogan, mtu hupewa ya injini ya Toyota, na akikataa huulizwa kwani gari lake ni la aina gani. Jina kamili la valvu ndilo linalomwokoa, na jina hilo lina utaratibu. Katika mfumo wa Ulaya herufi ya kwanza hueleza umeme wa kuwashia: E ni volti 6.3, D ni 1.4, U ni zile zinazofungwa kwa mfululizo kwa miliampia 100. Herufi zinazofuata hueleza kazi: H huchanganya mawimbi, F hukuza, L hutoa sauti, Z hunyoosha umeme, na M ni lile jicho la kijani linalokodoa stesheni inaponaswa. Tarakimu ya kwanza hueleza tako: 8 ni la pini tisa. Kwa hiyo ECH81 imejieleza yenyewe kabla haijachomolewa, mradi namba iwepo.

Namba huwepo mpaka fundi aamue kuisafisha. Maandishi ya valvu nyingi za zamani yalipigwa chapa kwa rangi dhaifu juu ya kioo, na hutoka kwa kitambaa chenye maji. Fundi mwenye heshima zake, akitaka kumwonyesha mteja kwamba kazi imeanza, huchukua valvu sita zenye vumbi na kuzirudisha zikimeta, zote sita bila jina. Upo ujanja wa kuiweka valvu kwenye friji, kisha kuitoa: unyevu unapotanda juu ya kioo, namba huonekana kwa muda mfupi mahali ilipokuwa. Ujanja huu hufanya kazi vizuri kuliko maelezo anayopewa mama mwenye nyumba aliyekuta chupa za kioo zenye waya ndani kando ya sukuma wiki.

Baadhi ya valvu bado hutengenezwa. ECC83 na EL84 zinahitajika katika vikuza sauti vya magitaa, kwa hiyo viwanda vya Urusi, Slovakia na China havijaziacha, na mpiga gitaa wa kanisani huweza kuwa na moja ya akiba. ECH81 haina gitaa la kuitetea. Kuiagiza ng'ambo kunawezekana, ila kifurushi hupita mikononi mwa watu wanaotaka kujua kilicho ndani, na ofisa wa mizigo akiambiwa ni valvu ya redio huitikisa sikioni kuhakikisha.

Njia iliyo bora ni ya wazee. Kenya ilifundisha mafundi wengi wa utangazaji na simu: chuo cha KIMC kilianza mwaka 1961 kikiwafunza mafundi wa redio, na kabla yake palikuwa na chuo cha Posta na Simu cha Afrika Mashariki kule Mbagathi, mahali ambapo leo ni Chuo Kikuu cha Multimedia. Waliostaafu wametapakaa Uthiru, Kabete, Kangemi na Dagoretti, na hazina yao imo kwenye mikebe ya Kimbo na Cowboy iliyopangwa rafuni. Mkebe ulioandikwa "misumari" ndio wenye EL84. Ulioandikwa "valvu" una misumari.

Mzee hafikiwi kwa pupa. Anayekuja na pesa mkononi na haraka usoni huambiwa kwamba vitu hivyo vilitupwa zamani. Anayeketi huulizwa kwanza nani amemwelekeza, halafu chai huja, halafu huja habari za mtambo fulani ulioungua usiku wa manane na jinsi mzee, akiwa kijana, alivyourudisha hewani kabla ya taarifa ya habari ya alfajiri kwa kutumia kipande cha waya wa ua. Baada ya hapo mkebe hushushwa. ECH81 zimo tatu. Ya kwanza ni ya redio ya mzee mwenyewe. Ya pili ni akiba ya ile ya kwanza. Ya tatu hana hakika nayo, pengine ni mbovu, na hiyo ndiyo anayoweza kuitoa.

Bei haitajwi. Mzee hutoa simu yake, ambayo imejaa picha za asubuhi njema na video za mahubiri mpaka haipokei tena ujumbe, na mgeni huketi akizifuta huku akiulizwa kila picha ni ya nani. Mambo huharibika tu iwapo mke wa mzee atasikia kilichomleta mgeni. "Chukua yote, mwanangu," husema akiwa mlangoni, na kuanza kushusha mikebe mwenyewe, "chukua hata ile iliyo chini ya kitanda." Hapo mzee hukumbuka kwamba hata ile ya tatu ina kazi. Mgeni mwenye busara hukataa kwa adabu, huaga, na kurudi siku ambayo mama ameenda chama.

Redio za transista hudhaniwa kuwa rahisi, na kwa kiasi fulani ni kweli: haziui. Transista zake, hata hivyo, ni za jemaniamu, na madirisha yote ya Luthuli yamejaa silikoni. Muuzaji hutoa A1015 na kusema ni ile ile. Ya jemaniamu hufunguka kwa volti 0.2 hivi na ya silikoni kwa 0.6, kwa hiyo ikichomekwa bila kubadili rizista zinazoizunguka, mtangazaji husikika akizungumza kupitia chanuo. Nyingine zina tabia zake. OC71 za mwanzo ni vijichupa vya kioo vilivyopakwa rangi nyeusi, na rangi ikichubuka transista huhisi mwanga, hata redio ikabadili sauti pazia linapofunguliwa.

Iliyo na ubishi kuliko zote ni AF117 na ndugu zake AF114, 115 na 116, zilizotumika sana katika redio za Ulaya za miaka ya 1960. Ina miguu minne: mitatu ya kazi na wa nne umeungwa na mkebe wake wa bati. Kwa miaka mingi ndani ya mkebe huota nywele nyembamba za bati, zisizoonekana kwa macho, mpaka mmoja uguse kiini na kukiunganisha na ardhi. Redio hunyamaza. Mafundi wa zamani walijua kuipiga kwa ukucha: nywele hukatika, stesheni hurudi, mteja hulipa, na redio hunyamaza tena ikifika Kangemi. Dawa yenye kudumu zaidi ni kuukata huo mguu wa nne. Mkebe ukishatengwa na ardhi, nywele inaweza kugusa ipendavyo. Hiki ndicho kipuri pekee katika shughuli yote ambacho hakinunuliwi dukani, na bado wapo wanaokwenda Luthuli kukiuliza.

Zile za valvu za betri zina tatizo la chakula. Zilikula betri moja kubwa yenye volti 90 upande mmoja na 1.5 upande mwingine, na betri hiyo haipo dukani tangu zamani. Duka lolote la jumla, hata hivyo, lina betri za mraba za volti 9, na vichwa vyake hushikana vyenyewe: kumi zikibanwa moja juu ya nyingine kwa zigizaga hutoa volti 90 bila waya hata mmoja. Betri moja nene ya tochi huwasha valvu. Nyaya mbili hizi zisibadilishane. Volti 90 zikiingia mahali pa 1.5, DK96, DF96, DAF96 na DL96 huaga dunia kwa pamoja, kwa mwanga mzuri wa nukta moja, na mwenye redio hurejea kwa mzee wa Uthiru kufuta picha nyingine.

Spika huleta utani wa aina yake, kwa sababu Nairobi ni mji wa spika. Mafundi wa muziki wa matatu wanazo za kila ukubwa. "Hii ni wati 300, boss," husema mmoja, akiipiga koni kwa kidole. "Hiyo redio yako inataka ngapi?" Jibu ni wati mbili, labda tatu, na fundi huangalia nyuma kuona kama kuna anayerekodi. Omu 4 za spika ya gari hulingana vizuri na transfoma ya redio nyingi, ila koni yake ni nzito, imetengenezwa kusukumwa na mtambo wenye hasira, kwa hiyo EL84 moja huifanya inong'one. Spika ya televisheni ya kisogo hufaa zaidi, na ile televisheni tayari imelipiwa nauli. Pabaya ni kwenye redio fulani za Philips zilizotumia spika za omu 800 bila transfoma. Hizo hazina mbadala mjini. Koni iliyopasuka hushonwa kwa karatasi nyembamba ya chooni na gundi ya mbao iliyozimuliwa, tabaka moja tu, la sivyo besi hukauka.

Uzi wa mshale ndio unaochukua muda. Ndani ya redio kuna uzi unaotoka kwenye gurudumu la kapasita ya kuchagulia stesheni, hupita juu ya vigurudumu viwili au vitatu, huzunguka mhimili wa nobu, hubeba mshale mbele ya kioo, na kurudi ulikotoka, ukikazwa na springi. Ukikatika, nobu huzunguka na hakuna kinachotokea. Nailoni ya kuvulia samaki hupendekezwa na wengi nayo huteleza. Uzi unaofaa ni ule wa nta anaoshonea fundi viatu wa kando ya stendi, mita moja na nusu, na fundi viatu huukata bila kuuliza maswali, sifa ambayo Luthuli haina. Mizunguko kwenye mhimili iwe miwili au mitatu; mmoja hauvuti, minne hujipanda yenyewe na kukwama. Kazi hufanywa kwa kibano, mikono ikiwa juu na kichwa kikiwa ndani ya sanduku, na springi huachia pale tu mtu wa tatu anapoingia chumbani kuuliza chakula kipakuliwe lini. Aliyeuzungusha kinyume hupata redio nzima yenye mshale unaokwenda kulia stesheni zikielekea kushoto. Wapo wanaoizoea.

Vinavyobaki ni vya kuonekana. Taa ya kioo cha stesheni ni ya volti 6.3, na balbu ya dainamo ya baiskeli, ya volti 6, huingia kwenye skrubu ile ile bila ugomvi. Nobu hutafutwa kwa wauza vipuri vya majiko ya gesi, ila mhimili wa redio ya Kiingereza una milimita 6.35 na nobu za leo zina tundu la 6, kwa hiyo huchongwa. Sauti ya taarifa ya habari ikaongezwa kwa nobu iliyochorwa mwali wa moto. Kitambaa cha mbele ya spika hakinunuliwi kwa rangi. Kile cha sofa huzima sauti yote ya juu. Kipimo ni kukiweka mdomoni na kupuliza, na pumzi ipite, jambo ambalo wauzaji wa Biashara Street hulivumilia mara moja tu. Suruali ya kitani ya mtumba kutoka Toi Market hupita mtihani huu na hutosha redio mbili, mguu kwa mguu.

Sanduku hupelekwa kwa mafundi wa samani wa Ngong Road, ambao vitanda na makochi yao hukaa kando ya barabara yakivuta vumbi na wateja. Mikono yao ni mizuri, na vinia iliyobambuka wataibandika vyema. Tatizo lao ni ukarimu. Redio iliyoachwa kurekebishwa kona moja hukutwa imepuliziwa vanishi ya mahogani yenye kung'aa juu, chini na ubavuni, pamoja na kitambaa, nobu, na kioo cha stesheni, hata Hilversum na Luxembourg zikapotea chini ya ukahawia. Maagizo hutolewa kwa maandishi, na kioo huondolewa kabla sanduku halijatoka nyumbani.

Redio iliyokamilika haichomekwi moja kwa moja ukutani. Huunganishwa kwa mfululizo na balbu ya waya ya wati 60 au 100: kukiwa na hitilafu, balbu huwaka kwa nguvu na redio husalimika, mambo yakiwa sawa, balbu hung'aa kidogo kisha hufifia. Balbu yenyewe imekuwa kipuri adimu, kwa kuwa maduka sasa huuza za LED, ambazo hazifai kwa kazi hii. Maduka ya pembejeo bado yana taa za joto za vifaranga, ila nyingi ni za wati 250, kubwa mno kuilinda redio ndogo, na muuzaji huuliza vifaranga ni wangapi. Swichi ya kuchagulia volti, kama ipo, huwekwa kwenye 240 au 245 kabla ya yote.

Kitakachosikika hutegemea kioo cha stesheni. Redio nyingi za Ulaya za miaka ya 1950 zenye FM huishia megahezi 100, kwa hiyo hunasa KBC Radio Taifa kwenye 92.9 na Radio Jambo kwenye 97.5, lakini Radio Maisha ya 102.7 na Radio Citizen ya 106.7 ziko nje ya dunia yake. Mawimbi ya kati na mafupi hupatikana usiku, chini ya mvumo mzito ambao redio yenyewe haina lawama nao: hutoka kwenye chaja za simu, kwenye televisheni bapa, na kwenye taa za LED za nyumba nzima na za jirani. Chaja zikichomolewa na taa kuzimwa, mvumo hupungua. Friji inaweza kuachwa.